Gari la Safari Kubwa

Wiki chache zilizopita, pale Katoro, nilikodi bodaboda inifikishe stendi. Kijana mwenye pikipiki alikuwa amekivisha kiti chake ngozi nyekundu, ngozi halisi, na alikuwa ameiacha juani tangu asubuhi. Nilipoketi, joto likapenya kwenye kitenge na harufu ikapanda: ngozi iliyookwa, mafuta ya mashine, na kitu kama sukari iliyoungua. Nikashuka kabla hajawasha.

“Vipi mama, kiti kina moto? Nikimwagie maji?”

Nikampa hela yake nikaanza kutembea. Akanipigia kelele kwa nyuma, “Mama, hela ya bure hiyo! Usije ukanilaani bure!” Watu wakacheka. Nilitembea mpaka stendi na mzigo kichwani, huku nimekasirika kama mtu aliyetukanwa.

Nimeishi Kahama, Mwanza, Kigoma, Mpanda, nikarudi Geita, nikaondoka tena. Nimechukia vyumba vingi vya kupanga, na watu kadhaa. Lakini sijawahi kuchukia kitu kisicho na roho kama nilivyolichukia gari la baba.

Kijiji chetu kilikuwa kando ya barabara ya Geita kwenda Ushirombo, na Katoro ya siku hizo ilikuwa maduka machache na gulio tu. Wenzangu wa rika langu mnaikumbuka miaka ile: sukari kwa kadi, mche wa sabuni unakatwa kwa uzi ili familia mbili zigawane, na ule unga wa yanga, wa mahindi ya njano, uliotufunga tumbo. Baba alikuwa mfanyabiashara wa ng’ombe. Alinunua kwetu, akaswaga mpaka minada ya Shinyanga, na waliomvutia aliwabakiza nyumbani. Zizi letu lilikuwa na ng’ombe zaidi ya arobaini. Nililala kila siku nikiwasikia wakicheua, na hadi leo sijui kulala vizuri mahali penye kimya.

Mwaka ule dada yangu Milembe alikuwa amemaliza darasa la saba. Jumapili moja katekista alisimama kigangoni baada ya ibada akatangaza kwamba Milembe amechaguliwa kwenda sekondari ya bweni. Hakuna msichana wa kijiji chetu aliyewahi kuchaguliwa. Mama alibadilisha madebe mawili ya karanga kwa sanduku la bati la buluu, lenye komeo na ufunguo wake. Milembe alikuwa akilifungua na kulifunga kila siku bila kuweka kitu ndani. Alikuwa akiniambia, “Sikiliza linavyolia, kama mlango wa ofisi.” Mimi nilikuwa sijafika miaka kumi, na sikuwa nimewahi kuusikia mlango wa ofisi.

Kisha baba akaondoka na ng’ombe. Hakuchagua wa kuuza kama kawaida yake, aliwatoa wote. Mama alimuuliza, akajibiwa kwamba bei Shinyanga ni nzuri. Alikaa wiki mbili. Siku aliyorudi, mlio ndio uliotangulia, mlio mzito wa kooni, kama wa fahali aliyemwona fahali mwenzake ng’ambo ya bonde. Kuku walikimbilia chini ya ghala. Kikaingia uani kitu kirefu, kipana, cha rangi ya chuma, kimelala chini kiasi kwamba mbuzi wetu angeweza kukipanda bila kuruka. Kilikuwa na milango miwili tu. Baba akatoka ndani yake kwa shida, kama mtu anayetoka shimoni, akajinyoosha, akatuchekea.

Alikuwa amelinunua kwa Mzungu mmoja fundi wa mitambo aliyekuwa akifungasha kurudi kwao. Jina la gari baba alilitamka kila siku kwa namna nyingine, kwa hiyo sitalijaribu hapa. Alichokuwa na uhakika nacho ni maana ya zile herufi za fedha zilizobandikwa nyuma.

“Maana yake ni gari la safari kubwa,” alisema. “Si gari la kwendea gulioni hili. Ulaya mtu analala mji huu, anakwenda kunywa chai nchi nyingine, hata nywele hazijamtimka.”

Mama hakulitazama. “Na ng’ombe?”

“Ng’ombe gani?”

“Wale arobaini, Baba Milembe.”

Baba akapiga boneti kwa kiganja. “Wamo humu. Humu ndani, mama, mna farasi mia tatu!”

Niliamini, kwani sikujua kwamba nguvu za injini huhesabiwa kwa farasi. Mtoto wa wafugaji anajua kwamba mnyama hubadilishwa kwa mnyama, na kwamba mwenye akili ndiye anayerudi na wengi. Farasi nilikuwa nimemwona kwenye picha tu, katika kitabu cha dini cha katekista, amempakia mtakatifu mwenye mkuki. Mia tatu kwa arobaini! Nilimwona baba kuwa mtu mwerevu kuliko wote. Wengine walipoondoka niliweka sikio juu ya ile boneti, na kweli nikawasikia: tik, tik, tik, kwato ndogo ndogo zikitulia baada ya safari. Nikaenda kukata majani mabichi nikayasokomeza kwenye matundu ya mbele, yale yanayofanana na meno. Siku ya pili majani yakaanza kutoa moshi na baba akanichapa kwa mkanda. Hakunieleza kosa langu. Nikadhani farasi hawali majani yetu.

Kumiliki gari lile kulikuwa kama kumtunza mgonjwa mwenye dharau. Lilitaka petroli ile nzuri, na petroli ilikuwa kwa kibali, kwa hiyo baba alishinda kwenye mabenchi ya ofisi Geita akisubiri mihuri. Jumapili mchana magari ya watu binafsi yalikatazwa kutembea. Masika halikuweza kutoka uani kwa sababu tumbo lake lilisuguana na ardhi. Kiangazi vumbi liliingia kwenye kabureta, nazo zilikuwa nyingi, na fundi wa kuzijua ilibidi afuatwe Mwanza. Fundi huyo alikaa kwetu wiki tatu, akila ugali wetu huku akiinamisha kichwa kusikiliza mlio na kusema, “Bado.” Liliweza kukimbia kwa majuma machache tu ya mwaka, serikali ilipoisawazisha barabara ili malori yachukue pamba. Wakati huo baba alilitoa, akalirusha mpaka Katoro na kurudi, na sisi tulibaki tumekaa barazani tukitafuna vumbi lake.

Ndani hatukuenea. Kulikuwa na viti viwili vya mbele, vyekundu, laini kama shavu, na vingine viwili nyuma ambavyo hata mbwa angelalamika. Tulikuwa watu sita. Mama hakuwahi kukaribishwa kukaa humo, wala hakuomba. Maji ya kulioshea tuliyabeba sisi kutoka kisimani. Asubuhi uji ulikuwa mweusi, hauna maziwa. Kijiji kilikuwa kimeshalipa jina, Ndama, kwa ufupi wake wa miguu, na wanawake kisimani walimuuliza mama, “Ndama wenu hajaanza kukamuliwa tu?” Mama alijitwisha ndoo akaondoka.

Maziwa tuliyapata kwa jirani yetu, Mama Shija, mke wa Mzee Lushinge. Kila jioni alimtuma binti yake na kibuyu kidogo. Hakusema kitu kuhusu gari, wala kuhusu baba. Alileta maziwa tu.

Ndiye aliyekufa. Aliugua tumbo, akapelekwa hospitali Geita kwa lori la pamba, na siku ya nne habari zikaja kwamba amefariki. Lori lilikuwa limekwisha ondoka, na kijijini hakukuwa na kitu kingine chenye injini isipokuwa Ndama. Wakaja wazee watatu mchana, Mzee Lushinge akiwa wa mwisho, koti lake limefungwa vifungo vyote ingawa jua lilikuwa kali. Kwa desturi yetu hilo halikuwa ombi. Mwenye mkokoteni hutoa mkokoteni, mwenye jembe hutoa jembe.

“Baba Milembe,” alisema mmoja wao, “gali lipo?”

“Lipo.”

“Mafuta je?”

“Hayakosekani.”

“Basi twende tukamchukue mama wa watu.”

Baba alilitazama gari, si wazee. “Halibebi maiti hili, wazee wangu. Viti vile ni ngozi. Harufu ikiingia haitoki. Halafu mtamlaza wapi? Nitawapa hela mkakodi kitu huko Geita. Hili nimewaambia ni gari la safari kubwa.”

Nilikuwa nimekaa kizingitini nikichambua mchicha, nikaona vidole vya Mzee Lushinge vinatafuta kifungo cha koti ambacho kilikuwa tayari kimefungwa.

“Safari kubwa,” alisema polepole. “Na mke wangu anakwenda wapi, Baba Milembe? Gulioni?”

Mama Shija aliletwa kwa mkokoteni wa ng’ombe, siku mbili juani. Ulipita mbele ya nyumba yetu, karibu na gari lililofunikwa turubai. Harufu ile baba aliyoiogopea viti vyake ilituingia sisi.

Baada ya maziko kijiji kilikaa kumhukumu baba. Kwetu, aliyeacha msiba wa jirani hupigwa faini ya ng’ombe, na mpaka alipe anatengwa. Hela hazipokelewi. Nyama ya faini huliwa na kijiji kizima, na noti hazichemki chunguni. Wazee walianza kwa ng’ombe wawili. Mimi nilikuwa upande wa wanawake, nimeshika sketi ya Milembe. Shangazi yake Shija akanigeukia kwa upole.

“Wewe mtoto, baba yako amebakiwa na mifugo gani?”

“Farasi,” nikamjibu.

“Farasi?”

“Mia tatu. Wamo ndani ya gari. Baba mwenyewe kasema. Ukiweka sikio unawasikia.”

Milembe alinibinya bega, lakini yule mama alikuwa amekwisha nishika mkono. Akanipeleka mpaka mbele ya wazee. “Hebu wasikie na hawa, mwanangu. Rudia.” Nikarudia, kwa sauti, kifua mbele. Nilidhani namtetea baba. Nilidhani namwokoa.

Walicheka mpaka mmoja akajifuta machozi. Baba alisimama katikati yao bila mahali pa kuweka mikono. Kicheko kilipokwisha, mzee aliyekuwa akiongoza alisema, “Mwenye farasi mia tatu tukimtoza ng’ombe wawili tutakuwa tumemvunjia heshima. Alete watano. Na hapa kijijini asiuziwe hata mkia.”

Tukatengwa. Mashine ya kusaga ilikataa mahindi yetu. Viberiti vilikuwa adimu siku zile, tulizoea kuombana moto, na sasa hakuna aliyetupa kaa hata moja. Nilikutana na bibi mmoja njiani nikapiga goti, “Shikamoo bibi.” Akapita. Nikafikiri hajasikia, nikamkimbilia nikarudia kwa nguvu. Akapita tena. Siku hiyo niliwaamkia wazee saba na nikarudi nyumbani kumwambia mama kwamba kijiji kizima kimekuwa kiziwi. Mama aliacha kutwanga, akaniangalia, akaendelea kutwanga.

Zilikuwa zimebaki wiki tano Milembe aende shule. Hapo ndipo alipokuja mnunuzi wa dhahabu kutoka Geita, mtu mwenye tumbo na kofia, aliyesikia habari za gari. Alilizunguka mara mbili, akapiga tairi teke, akachungulia ndani.

“Nakupa ng’ombe wanane,” alisema. “Wako Katoro, kesho wanafika.”

Baba alicheka kwa hasira. “Mimi nimetoa arobaini!”

“Ulitoa, mzee. Mimi natoa wanane. Mwakani nitatoa watatu, na mwaka ule mwingine utanilipa wewe nije nilivute.”

Mama alitoka jikoni akapiga magoti mavumbini mbele ya mgeni. Sikuwahi kumwona akipiga magoti hivyo, wala sikumwona tena. “Baba Milembe, mpe. Watano tulipe, watatu wabaki, mtoto aende shule. Mpe.”

“Huyu ananitukana uani kwangu, na wewe unamsaidia?”

“Mpe tu, baba.”

“Inuka. Unanitia aibu.”

Yule mtu akavaa kofia yake akaondoka. Baba akachukua kitambaa akaanza kufuta pale palipopigwa teke.

Hazikupita wiki mbili wakaja wageni wengine, wanaume wanne wenye fimbo kutoka upande wa Bukombe, mmoja wao kijana mwenye macho ya chini. Walizungumza na baba chini ya ukingo wa paa tangu asubuhi mpaka kivuli kikahama upande. Wakakubaliana ng’ombe kumi na wawili. Kwao habari za faini yetu zilikuwa utani wa mbali.

Mama alimsubiri baba aingie ndani. “Kwa hiyo gari lako umelikatalia ng’ombe wanane,” alisema, “na mwanangu umemkubalia kumi na wawili.”

“Angeolewa tu siku moja.”

“Na gari lingeoza tu siku moja.”

Kukawa na mlio wa kofi. Milembe, aliyekuwa nje pamoja nami akipepeta, hakuacha kupepeta.

Ng’ombe walikuja wakiwa kumi na wawili. Watano hawakuingia hata zizini. Walipitilizwa mpaka kwa wazee, na siku ileile moshi wa nyama ukatanda. Yule bibi aliyenipita njiani aliniona akasema mwenyewe, kabla sijapiga goti, “Marahaba mjukuu wangu, hujambo?” Nilimchukia kuliko alipokuwa kiziwi. Walijua wote wale ng’ombe wametoka wapi. Walikula. Mzee Lushinge peke yake hakugusa nyama. Alikuja mpaka kwetu, akasimama mbali kidogo na mama, akasema, “Sikuomba hiki,” kisha akaenda zake. Ningependa kusema kwamba nilimheshimu kwa hilo. Lakini nilijiuliza mbona hakuyasema pale barazani walipokuwa wakicheka.

Nilipiga hesabu yangu kitoto. Wawili walikuwa wa baba. Watatu walikuwa wangu, niliwaongeza kwa mdomo wangu. Niliibeba hesabu hiyo miaka mingi, nikahama nayo mji hadi mji, mpaka nilipomwambia mama akiwa mzee. Akasonya. “Hata angetozwa mmoja, baba yako angemtoa Milembe kabla ya gari.” Alitaka kunifariji. Maziwa na ndama wa wale saba waliobaki ndivyo vilivyonipeleka mimi sekondari, na lile sanduku la buluu nilipewa mimi. Sijui kama mama aliwahi kuliwaza hilo. Mimi naliwaza.

Siku ya kumpeleka Milembe baba alilitoa gari. Ulikuwa msimu wa pamba, barabara imesawazishwa, na alikuwa ametafuta petroli kwa wiki nzima. Alilipaka mafuta matairi. Alifungua mlango wa abiria mbele ya watu wote.

“Ingia mwanangu. Hakuna msichana wa nchi hii aliyeingia kwa mumewe na gari kama hili.”

Milembe alikuwa amevaa kitenge kipya, amejifunga kingine kichwani. Alikitazama kile kiti chekundu kwa muda, kama anayesoma kitu kilichoandikwa pale. Kisha akamwambia, bila kupandisha sauti, “Shikamoo, baba,” akageuka akaanza kutembea. Wanawake wa kumsindikiza wakatazamana, wakamfuata. Mama alikuwa mbele yao wote.

“Basi ingia wewe,” baba akaniambia. Nikaingia. Ilikuwa mara yangu ya kwanza.

Aliwafuata. Nadhani alifikiri Milembe angechoka, angegeuka. Alisogea nyuma yao hatua kwa hatua, akipiga honi, akitoa kichwa dirishani: “Milembe! Acha ujinga, mbali huko!” Wanawake walijitenga kando wampishe, hakupita. Gari lilitetemeka na kunguruma na kukwama na kunguruma tena. Lilikuwa limetengenezwa kukimbia, na kila lilipolazimishwa kwenda mwendo wa mtu lilizidi kupata joto. Mapaja yangu yalinata kwenye ngozi. Mshale mmoja kwenye zile saa za mbele ulipanda mpaka ukagota. Baba aliutazama, akamtazama Milembe, akautazama tena. Kisha mvuke ukafumka pande zote za boneti na gari likazimika katikati ya barabara.

Wanawake walisikia. Hakuna aliyesimama. Tuliviona vitenge vyao vikipungua mpaka kwenye kilima, vikazama upande wa pili.

Baba alitoka, akaunguza vidole, akatukana. Nyuma ya kiti akatoa kidumu cha plastiki akanipa. “Kuna kijito pale mbele chini ya kilima. Kimbia. Mimi siwezi kuliacha.”

Nilikimbia. Kijito kilikuwa kinatiririka kidogo tu, nikakinga kidumu mpaka kikajaa, nikakifunga. Nilipoinuka nilimwona baba kule nyuma, mdogo, amesimama na mkono juu ya paa la gari lake, ananipungia niharakishe. Na mbele, ng’ambo ya kilima, nilisikia sauti za wanawake. Walikuwa wameanza kuimba.

Nikapanda kilima. Kidumu kilikuwa kizito, kilinigonga goti kila hatua, nami nililia njia nzima lakini sikugeuka. Niliwakuta ng’ambo, wamesimama kidogo kwenye jua kumpumzisha mwanamke mmoja. Milembe aliniona, akaona kidumu, akaelewa ni maji ya nani. Nilikifungua nikampa. Alikunywa, akanawa uso, akampa mama. Mama akanywa, akampa aliye nyuma yake, na kikazunguka hivyo mkono kwa mkono mpaka kikaisha. Kisha Milembe akanishika mkono, tukaendelea na safari.